Kufufua Gari Kuukuu: Tusianze na Rangi

Katika boma nyingi za Ukambani kuna gari la zamani lililosimama chini ya mti. Kuku wanataga ndani, na mwenyewe bado anasema, "Siku moja litaamka." Kulifufua ni kazi nzuri, tena ni shule kwa vijana wetu. Lakini imemaliza mbuzi wa watu wengi. Leo tueleze inavyokwenda.

Wazee hawakuyapenda magari haya bure. Pijo 404 ilianza kuuzwa mwaka 1960 na ikashinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mdogo wake, 504, ilishinda 1975 na 1978. Barabara mbovu hazikuzishtua.

Hapa Kithyoko tulikuwa pamoja na vijana wa gereji wakifufua 404 moja ya pikapu. Haya ndiyo tuliyoyaona:

1. Karatasi kwanza. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na logibuku. Injini ikibadilishwa, NTSA waarifiwe. Kama mwenye gari alifariki, familia imalize mambo ya urithi kabla ya kushika spana. Gari bovu halina mwenyewe, lakini likiwaka tu, ndugu wote wanajitokeza.

2. Chuma kabla ya rangi. Hewa yetu kavu haili chuma kama hewa ya chumvi ya Mombasa. Gonga sakafu na chini ya milango polepole kwa nyundo. Bati zima hulia. Mahali palipojazwa fila mlio ni mzito, na mara nyingi kutu iko chini yake. Kupaka rangi hapo ni kama kupiga lipu ukuta ulioliwa na mchwa.

3. Injini inataka subira. Laina za silinda za 404 hutolewa zikawekwa nyingine, kwa hivyo si lazima kuchonga bloku. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini laina zimezungukwa na maji. Mpira wa chini ukivuja, maji huingia kwenye oili, nayo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hii yetu ilifanya hivyo mara mbili, kwa sababu mipira iliyouzwa dukani haikuwa ya kipimo chake. Funga, washa, fungua tena! Vijana wawili walikata tamaa wakaacha kuja. Mara ya tatu kijiti cha oili kilitoka safi, na hata mama wa chai aliacha sufuria akaja kutazama.

4. Breki kabla ya mwendo. Jua letu linaloacha chuma salama ndilo linaloua mpira. Badilisha paipu na mipira yote ya breki, hata kama kwa macho inaonekana mizuri. Gari lisilowaka halijaua mtu; lisilosimama, kwenye barabara hii ya Thika hadi Garissa, litaua.

5. Daftari. Ukienda kutafuta spea Kirinyaga Road, Nairobi, beba ile ya zamani mkononi uipimishe palepale. Andika kila shilingi. Malizeni kipande kimoja kabla ya kununua cha pili, na pesa ya karo isiguswe kabisa.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana aliyefunga zile laina mara tatu sasa anaitwa na watu kufunga injini zao, na analipwa. Pikapu yenyewe bado haijapakwa rangi, na watoto wanaicheka. Lakini inabeba mitungi ya maji na magunia ya mahindi, na breki zinashika. Kikundi kinachotaka kuanza kazi kama hii kisitafute mpaka rangi kwanza. Kinunue daftari, kisha kiende kutazama chini ya gari.