Mpunga wa Ubaruku na Misitu ya Milimani

Mkulima wa Ubaruku afunguliapo maji ya Mto Mbarali yaingie katika majaruba yake, ni nadra kuikumbuka misitu ya milima iliyo kusini mwa Bonde la Usangu. Hata hivyo, uhai wa mpunga wake huanzia huko.

Katika Nyanda za Juu Kusini, mpodo ni mti wa asili wa jamii ya misonobari. Hautoi maua. Mbegu yake hukaa wazi juu ya kikonyo kinene, ambacho kikiiva ndege hukila na kuisambaza mbegu. Mche huota kivulini na kukua polepole, ukingoja mti mkubwa uanguke na kuufungulia mwanga. Ndiyo maana msitu huu una miti ya rika zote, kama familia: wazee juu, vijana katikati, watoto chini. Chini kabisa kuna kangaga na tabaka nene la majani yaliyooza. Tabaka hilo huipokea mvua na kuipenyeza ardhini taratibu, nazo chemchemi hububujika hata kiangazi.

Shamba la misindano, kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi, ni jambo jingine. Miti yake, yenye asili ya Meksiko, hupandwa pamoja na kuvunwa pamoja baada ya miaka ipatayo ishirini. Hutupatia mbao na ajira, tena huupunguzia msitu wa asili shoka. Lakini haichukui nafasi ya msitu huo. Ikipandwa kwenye vyanzo, hunywa maji mengi na vijito hupungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kandokando ya mito na vyanzo vya maji.

Sisi wa bondeni nasi tuna wajibu. Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na maji yanayochepushwa kwa kilimo cha Usangu ni sababu mojawapo kubwa.

Mzaburi anamtukuza Mungu kwa ajili ya mierezi ya Lebanoni, aliyoipanda Yeye mwenyewe. Mpodo ndio mwerezi wetu. Basi, anayeishi mlimani asiufyeke. Naye wa bondeni, jaruba likishajaa, aufunge mfereji, ili jirani yake wa chini naye apate.