Programu ya ushirika: Stakabadhi ya mkulima isifutike

WAKULIMA wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro wanajua thamani ya stakabadhi. Kahawa ikishapimwa kwenye chama cha msingi, kilo zilizoandikwa ndizo zinazoamua malipo. Hivyo ndivyo ushirika ulivyofanya kazi tangu KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933. Siku hizi kumbukumbu hizo zinahamia kwenye kompyuta, hivyo ni vema mwanachama ajue programu inavyotengenezwa.

Chukua chama chenye madaftari manne: la wanachama, la stakabadhi, la mikopo ya pembejeo na la malipo. Katika kila daftari kompyuta hufanya kazi zile zile nne, yaani kuandika, kusoma, kurekebisha na kufuta. Mtaalamu akiandika maelekezo upya kwa kila daftari, atakuwa na vipande 16. Kosa moja likigundulika, itambidi alisake kila mahali, na akisahau kipande kimoja, mkulima ndiye atakayeumia.

Andika mara moja

Njia bora ni kuandika maelekezo ya jumla mara moja, kisha kutaja aina ya kumbukumbu wakati wa kuyatumia. Ni sawa na mzani: hautengenezwi upya kwa sababu leo umeletewa maharage badala ya kahawa.

Lugha za kompyuta kama Java hutaka kila kitu kitajwe aina yake mapema. Mtaalamu akitenganisha aina ya kilo na aina ya shilingi, kisha akazichanganya kwa bahati mbaya, programu hukataliwa kabla haijamfikia karani. Java ilipata uwezo wa kuandika maelekezo ya jumla huku aina zikikaguliwa mwaka 2004. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, iliupata mwaka 2022.

Hatari ya kufuta

Hata hivyo, maelekezo ya jumla yana hatari yake. Yakitolewa yote manne kwa kila daftari, stakabadhi nayo itaweza kufutwa. Namba ya simu ya mwanachama inaweza kurekebishwa, lakini stakabadhi na malipo havifutwi. Kosa husahihishwa kwa kuandika ingizo jipya lenye maelezo, na lile la zamani libaki.

Kwa hiyo mtaalamu atenge aina mbili: madaftari ya kurekebishwa na madaftari ya kuongeza tu. Haya ya pili yasipewe kabisa maelekezo ya kufuta. Atakayejaribu kuyaita ndani ya programu atakataliwa na lugha yenyewe.

Aidha, ukaguzi huo hauwezi kumzuia karani anayeandika kilo 58 badala ya 85. Wala haumzuii mtu mwenye ruhusa ya kuingia moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kupitia programu. Hivyo mkulima aendelee kutunza stakabadhi yake ya karatasi.

Kabla ya kuidhinisha fedha za programu, wanachama waulize mkutanoni: Je, stakabadhi inaweza kufutwa? Masahihisho yanaonyesha nani aliyafanya na lini? Nani ana ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata? Majibu yasiporidhisha, hundi isisainiwe.