Nani Mwenye Kiwanda, Nani Mwenye Ujuzi? Umiliki wa Kigeni, Teknolojia na Uuzaji Nje wa Nguo: Mazingatio kutoka Bujumbura

Utangulizi

Kaskazini mwa jiji la Bujumbura lipo soko ambalo wakazi huliita COTEBU. Vijana wengi wanaonunua mboga pale hawajui kwamba jina hilo ni kifupisho cha jina la kiwanda kilichojengwa jirani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, kilichokuwa kikisokota uzi, kufuma vitambaa na kupiga chapa vitenge kwa kutumia pamba ya bonde la Imbo. Kiwanda hicho cha serikali kilisimama katikati ya muongo wa 2000. Mwaka 2010 majengo yake yalikabidhiwa Afritextile, kampuni yenye mtaji kutoka Mauritius. Swali linaloulizwa mara kwa mara na washauri wa sera ni hili: mgeni akimiliki kiwanda, je, teknolojia na masoko ya nje hufuata?

Makala haya yanajibu kwamba hufuata kwa nadra kuliko inavyodhaniwa, na kwamba sehemu ya dhana hiyo imetokana na maneno tunayotumia.

Utata wa neno “nguo”

Katika Kiswahili, nguo ni kitambaa na vilevile ni vazi. Khanga ni nguo kabla haijakatwa, na shati ni nguo baada ya kushonwa. Kwa hiyo tunaposema “kiwanda cha nguo” tunakusanya chini ya paa moja kazi mbili zisizofanana. Kusokota, kufuma na kutia rangi kunahitaji mitambo mizito, umeme usiokatika, maji mengi na mtaji wa muda mrefu. Kukata, kushona na kumalizia kunahitaji cherehani nyingi, mikono mingi na nidhamu ya muda. Kifaransa, ambacho ndicho huandikiwa nyaraka nyingi za utawala wetu, hutenganisha kazi hizi kwa maneno mawili; nyaraka hizo zinapofasiriwa, tofauti hiyo huelekea kumezwa.

Si suala la wanaleksikografia peke yao. COTEBU ilikuwa kiwanda cha vitambaa. Soko lililofunguliwa na sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 lilikuwa hasa la mavazi, na kifungu chake chenye nguvu zaidi kiliruhusu nchi maskini kushona kwa kitambaa kilichotoka popote, ikiwemo Asia. Kenya, iliyokuwa imeanzisha Mamlaka ya Maeneo Maalumu ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje mwaka 1990, ilipokea washonaji wa kigeni huko Athi River na kwingineko. Wakati huohuo viwanda vyake vya zamani vya vitambaa, kama Rivatex ya Eldoret, vilikuwa vimekwisha kuanguka. Mauzo ya nje ya mavazi yalikua bila kuinua pamba. Burundi iliruhusiwa kunufaika na AGOA tangu 2006 hadi ilipoondolewa tarehe 1 Januari 2016. Muongo mzima ulipita bila sekta ya mavazi ya kuuza Marekani kuota mizizi.

Mgeni huleta nini?

Jibu la haraka ni mashine. Lakini cherehani ya kiwandani hununuliwa na yeyote mwenye fedha, na haitofautiani sana kati ya Dhaka na Nairobi. Anacholeta mwekezaji wa kigeni, na ambacho mzawa hukipata kwa taabu, ni oda. Wanunuzi wakubwa wa Marekani na Ulaya hawazungumzi na kiwanda wasichokijua; huzungumza na kampuni mama iliyoko Asia, nayo hugawa oda kwa matawi yake. Ndiyo maana viwanda vya kigeni vya Kenya na Lesotho viliuza ng’ambo, ilhali wazawa wengi walibaki na soko la ndani na la kanda. Ndiyo maana pia oda huweza kuondoka upesi: Ethiopia ilipokaribia kupoteza AGOA, kampuni ya PVH ilitangaza Novemba 2021 kufunga kiwanda chake Hawassa.

Umiliki wa kigeni usio na mtandao wa oda ni habari nyingine kabisa. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa 1968 kwa msaada wa China, kiligeuzwa katika miaka ya 1990 kuwa ubia ambamo upande wa China ulishika asilimia 51. Bendera ya mwenye hisa ilibadilika. Urafiki haukugeuka kuwa mwuzaji mkubwa wa nje. Afritextile nayo imetazama zaidi vitenge na vitambaa vya sare. Silaumu uamuzi huo. Kutoka Bujumbura mzigo huvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha husafiri kwa reli takriban kilomita 1,250 hadi Dar es Salaam, kabla hata ya kuiona bahari. Mnunuzi wa mashati ya msimu hasubiri. Mnunuzi wa vitenge wa Uvira yuko ng’ambo ya mpaka.

Ujuzi husafiri kwa lugha

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Bangladesh. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Desh iliingia mkataba na Daewoo ya Korea Kusini, na wafanyakazi 130 wakapelekwa Korea kufunzwa. Katika miaka michache iliyofuata, 115 kati yao walikuwa wameiacha Desh, wengi wakaanzisha viwanda vyao au kuajiriwa na washindani wake. Hasara ya kampuni moja ikawa chimbuko la sekta nzima. Zingatia kwamba Desh ilimilikiwa na Mbangladeshi. Daewoo iliuza ujuzi na masoko, haikununua kiwanda.

Waliofunzwa walikuwa pia wasimamizi, si washonaji peke yao. Hapo ndipo mikataba yetu inapopwaya. Vifungu vya “uhawilishaji wa teknolojia” huorodhesha mitambo itakayosamehewa ushuru, bila kutaja nani atafundishwa kupanga mstari wa ushonaji, kukadiria muda wa kila mshono na kujadiliana bei, wala atafundishwa kwa lugha gani. Msimamizi wa kigeni akieleza kwa ishara, fundi hujifunza mshono mmoja na kubaki nao. Mafundi cherehani wa Buyenzi wanao msamiati wa Kiswahili wa kupima, kukata, kupiga pindo na kutarizi. Msamiati wa kupanga uzalishaji ndio uliopungua, na kuuandaa ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa vyama na taasisi za Kiswahili zilizowakilishwa katika kongamano hili.

Kwa hiyo serikali inapokaa mezani na mwekezaji mwingine, maswali ya awali yawe haya: unafuma au unashona? Oda unazo za nani? Na baada ya miaka mitano, ni Warundi wangapi watakuwa katika ofisi inayozipokea?