Umeme na Taarifa katika Nyaya Mbili: Mfano wa Chumvi ya Ivuna

Neno simu, ambalo kwa kawaida huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, limehifadhi katika Kiswahili historia ya jambo linaloelezwa leo kana kwamba ni geni. Simu ya mezani ya zamani haikuchomekwa katika umeme wa nyumba. Umeme wake, wa volti 48 hivi, ulitoka katika betri za kituo cha simu, na sauti ya msemaji ilisafiri katika jozi ileile ya nyaya. Ndiyo maana taa zilipozimika simu iliendelea kufanya kazi. Makala haya yanaeleza jinsi kanuni hiyo inavyotumika baina ya mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo za kipande kimoja zinazoendesha vipimo na mitambo midogo, na mahali inaposhindwa.

Mfano unaofaa ni Ivuna, mkoani Songwe. Wanasayansi wa dunia wanaijua Ivuna kwa kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, lakini sifa yake ya kale zaidi ni chumvi. Uchimbuzi wa Brian Fagan na John Yellen, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba chumvi ilitengenezwa huko karne nyingi zilizopita. Ichukuliwe basi kwamba mtu anataka kupima joto la maji ya chumvi mahali kumi, naye kaiweka kompyuta yake mbali na moto. Chumvi ni adui wa shaba, na kila kiungio ni mlango wa kutu. Mfumo ulioasisiwa na kampuni ya Philips mwaka 1982 husifiwa kuwa wa nyaya mbili, lakini mbili hizo hubeba taarifa na mapigo ya saa tu. Zikiongezwa za umeme zinakuwa nne. Kuzipunguza hadi mbili za kweli ni kupunguza nusu ya viungio.

Inawezekanaje? Waya wa kwanza huinuliwa hadi volti 5 kupitia rezista. Wa pili ni wa ardhi. Anayetaka kusema huushusha waya wa kwanza hadi kwenye ardhi kwa muda mfupi sana. Katika mfumo wa kampuni ya Dallas Semiconductor, ukishushwa kwa mikrosekunde zisizozidi 15 kipima joto husoma moja. Ukishikiliwa chini kwa mikrosekunde 60 au zaidi kidogo husoma sifuri. Waya unapokuwa chini hauna umeme wa kutoa, hivyo chombo huishi kwa akiba. Diodi huruhusu umeme uingie na kuuzuia usirudi, kama vali ya pampu ya baiskeli. Kapasita huuhifadhi, kama mtungi unaojazwa bomba linapotoka ili maji yatumike linapofungwa. Mikrokontrola inayotumia miliampea 5, waya ukiwa chini kwa mikrosekunde 100, inahitaji kapasita ya mikrofaradi 5 tu ili volti zisipungue zaidi ya 0.1.

Kwa hiyo tatizo si udogo wa mtungi, bali wembamba wa bomba. Rezista ya kawaida ya mfumo huo, ya omu 4,700, haiwezi kupitisha zaidi ya miliampea 1 na ushei. Kipima joto cha DS18B20 peke yake huweza kuhitaji miliampea 1.5 kinapopima, kwa muda unaofika sekunde 0.75. Dawa yake ni transista inayouunganisha waya moja kwa moja na volti 5 kwa muda huo. Lakini hapo hakuna awezaye kuushusha waya: mwenye kula hasemi.

Mfumo huu huitwa na watengenezaji wake wa waya mmoja, kwa kuwa ardhi haikuhesabiwa. Mfasiri asiwafuate. Fundi akiambiwa waya mmoja ataunga mmoja, na umeme usio na njia ya kurudi haupiti.

Ivuna kwenyewe kanuni hii ina mpaka. Maji yaliyoshiba chumvi huchemka juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, hata katika mwinuko wa bonde la Rukwa, wa mita 800 hivi. Mtengenezaji wa kipima joto hicho hashauri kukilisha kwa waya wa taarifa zaidi ya nyuzi 100, kwa sababu joto huongeza uvujaji wa umeme ndani yake na akiba huisha. Chunguni, basi, waya wa tatu hauepukiki. Viwandani hutumika njia nyingine: kiasi cha mkondo ndicho ujumbe, miliampea 4 zikiwa sifuri na 20 zikiwa kilele. Mkondo ukikosekana kabisa, inajulikana kwamba waya umekatika. Ila kila kipimo hudai jozi yake, ambapo vipima joto kumi vya DS18B20, kila kimoja na namba yake ya biti 64, hutosheka na jozi moja.

Vipima joto hivyo vina hila moja. Kikiwashwa, kabla hakijapima lolote, thamani iliyomo ni nyuzi 85 kamili. Kikipungukiwa umeme katikati ya kupima na kuanza upya, hiyo ndiyo hutolewa. Ziwani mtu angeshtuka. Kwenye chungu kinachoelekea kuchemka, nyuzi 85 zinaaminika.