Kutoka Darasa la Saba kwenda Kidato cha Kwanza: Video Kama Daraja la Kiingereza



Kila Septemba watoto wetu wa darasa la saba hufanya mtihani wa Taifa, na Januari walio wengi huanza kidato cha kwanza. Katika shule nyingi za msingi za Serikali, hapa Kinondoni, Temeke na kwingineko nchini, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeelewa vema usanisinuru hukutana na jambo lilelile likiitwa “photosynthesis”, akadhani ni somo geni. Wengi hunyamaza darasani si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa maneno. Wazazi wasiomudu ada za masomo ya maandalizi wafanye nini? Je, simu iliyomo nyumbani yaweza kusaidia?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivipokea vyombo vya mawasiliano kama msaada kwa wanadamu, ukiwahimiza vijana kuvitumia kwa kiasi na wazazi kusimamia yanayoingia nyumbani mwao. Mafundisho hayo yanatuongoza hata leo.

Tuchague nini? Vipindi vya Ubongo Kids, vinavyotengenezwa na taasisi ya Ubongo ya hapa Dar es Salaam na kurushwa tangu mwaka 2014, hufundisha hisabati na sayansi, na vinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mtoto akitazama kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, hajifunzi mambo mawili kwa wakati mmoja: maana anayo tayari, anatafuta maneno tu. Tovuti ya LearnEnglish Kids ya British Council nayo hutoa bure hadithi na nyimbo fupi. Vitabu vya kiada vya kidato cha kwanza vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Hata hivyo, kutazama peke yake si kujifunza. Lugha hukaa ulimini kwa kusemwa. Basi tuchague kipande cha dakika tatu hadi tano. Tukisimamishe kila baada ya sentensi chache, mtoto arudie kwa sauti. Aandike maneno matano mapya katika daftari. Mwishowe simu izimwe, naye asimulie alichokiona. Mzazi asiyejua Kiingereza asijione hafai. Aombe kusimuliwa kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Masikio yake yenye subira ni msaada mkubwa. Aidha, aketi karibu, kwa kuwa video moja huita nyingine, na si zote zinazojenga.

Kuhusu gharama, familia thelathini hazihitaji vifurushi thelathini. Ukumbi wa parokia wenye projekta na spika unatosha kila Jumamosi, huku vijana wa VIWAWA na wanafunzi wa vyuo wakiongoza mazungumzo katika vikundi vidogo. Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kuwatambua watoto wasio na simu nyumbani, wasisahaulike.

Tusiwafundishe watoto kukidharau Kiswahili. Ndicho msingi ambao daraja hili limejengwa juu yake. Miezi kati ya Septemba na Januari ni michache. Tusiwaache watoto wetu waivuke peke yao.