Nyumba ya zamani Kibaha au Kisarawe: kabla hujatoa kishika uchumba, pita hapa kwanza

Wiki hii washkaji watatu wameniuliza swali lile lile, na wote wamechoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huko Mbagala na Kimara. Eti kununua nyumba ya zamani Kibaha au Kisarawe, iliyokwisha jengwa, si nafuu kuliko kununua kiwanja na kuanza msingi? Mara nyingi ni nafuu kweli. Ila unafuu una sababu yake, na sababu yenyewe huwa haipo kwenye ukuta wala kwenye bati. Ipo kwa watu.

Nyumba ninazosema ni zile za vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani, mwembe au mkorosho nyuma. Kibaha ni kilometa kama 40 kutoka katikati ya Dar, na ukiingia ndani kidogo kutoka Maili Moja au Tumbi unazikuta. Kisarawe ziko pale mjini juu ya vilima ukishapita Pugu, na vijijini mpaka Maneromango huko. Usiku kimya, unasikia vyura tu. Na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, ikiwa na vituo Pugu na Soga, madalali wamepata wimbo mpya wa kuimba.

Sasa sikilizeni yaliyomkuta mama yangu mdogo. Alipata nyumba wilaya ya Kisarawe, bei ya kirafiki kabisa. Muuzaji ni kijana mstaarabu, ana karatasi ya kikao cha ukoo, saini kumi na moja, mhuri upo. Mama mdogo akatoa kishika uchumba cha milioni mbili, hela ya mchezo aliyoilimbikiza kwa kuuza vitumbua. Baada ya wiki mbili akatokea dada wa yule kijana kutoka Tanga, ana watoto wawili, anauliza nani kauza nyumba ya baba yake. Hakuwepo kwenye kikao, na hakuna aliyempigia simu.

Hapo ndipo wengi tunapoingizwa mjini. Nyumba ya zamani kwa kawaida mwenyewe wa kwanza ameshafariki, kwa hiyo unanunua mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na bila barua ya mahakama yule anayekuonyesha vyumba hana mamlaka ya kuuza hata mlango, awe mtoto wa kwanza au wa mwisho. Omba nakala ya hiyo barua, chukua namba ya shauri, nenda mahakama iliyoitoa ukaulize kama ni ya kweli. Kisha waone warithi wote ana kwa ana, wale wa mbali piga simu mwenyewe. Usitumiwe namba na dalali, utaongea na shemeji yake!

Na kama mwenye nyumba yu hai na ameoa, mwenzake akubali kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Asikwambie mtu "wife anajua". Aje asaini.

Jambo la pili, uliza ardhi yenyewe ni ya aina gani, maana Kibaha mjini na kijijini Kisarawe si mchezo mmoja. Kwenye kiwanja kilichopimwa kuna hati, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa nyumba ya zamani hesabu mwenyewe: hati ya miaka 33 iliyotolewa 1996 inaisha 2029. Ofisi ya ardhi ya mkoa wa Pwani iko Kibaha. Omba upekuzi pale, utajua jina lililoandikwa, kama nyumba imewekwa rehani benki, na uulize pango la ardhi linadaiwa miaka mingapi.

Kijijini inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Huko lazima mauzo yapite kwenye halmashauri ya kijiji, na mnunuzi awe mwanakijiji au mtu anayekusudia kuishi au kufanya kazi pale. Mhuri wa mwenyekiti peke yake nyumbani kwake saa mbili usiku hautoshi, hata kama ana sura ya upole.

Walio karibu na Morogoro Road, msisahau mwaka 2017. Kuanzia Kimara hadi Kiluvya nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi, na eneo la barabara lilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Humo mlikuwa na nyumba nzuri tu, na watu walikuwa na makaratasi yao. Ukiona nyumba ya bei chee inayoitazama lami, zunguka kuta zote utafute alama ya X, halafu ukawaulize TANROADS. Rangi mpya upande mmoja tu wa nyumba? Mimi ningeondoka.

Nyumba yenyewe itazame mchana, na urudi siku ya mvua. Panda darini uchome kenchi kwa bisibisi uone mchwa, maana bati unabadilisha, kenchi zote ni balaa. Nyaya za umeme za zamani hesabu kuwa utazing'oa.

Hela ipitie benki, mkataba uandikwe na wakili wako, si wa muuzaji. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1, na muuzaji ana kodi ya ongezeko la mtaji asilimia 10 ya faida. Kubalianeni nani analipa nini kabla, sio mbele ya dirisha la TRA.

Mama mdogo amerudishiwa laki nane hadi leo. Yule dada wa Tanga amefungua shauri la mirathi, na amemwambia akimaliza, nyumba bado inauzwa.