Kompyuta ya Nyumbani Inapotekwa Nyara

Zamani mali ya nyumba ilionekana kwa macho: ng'ombe zizini, uwele na mtama ghalani, cherehani pembeni mwa dirisha. Mwizi akija, mbwa hubweka. Lakini siku hizi hapa Hombolo, kijiji chenye Chuo cha Serikali za Mitaa, si ajabu kukuta kompyuta juu ya meza ya chakula. Baba anaandikia taarifa za kazini, kijana anaandika andiko lake la chuo, wadogo wanacheza michezo, na mama anatunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa.

Mama msomaji, hebu fikiri ni nini kilichomo ndani ya mashine hiyo. Picha za harusi yenu. Sauti ya bibi aliyekwisha kufariki, akisimulia hadithi kwa Kigogo. Orodha ya nani amelipa mkopo na nani bado. Mashine ikiibiwa, mtajinyima na kununua nyingine. Sauti ya bibi hamtaipata katika duka lolote la Dodoma mjini.

Wako watu wanaolijua jambo hili vizuri, na wamelifanya kuwa biashara. Wametengeneza virusi vya kompyuta ambavyo haviharibu mashine. Huingia kimya, hupita faili moja baada ya jingine, na kubadilisha yaliyomo kwa hesabu za siri mpaka yasisomeke. Kisha huacha barua: lipa, tukupe ufunguo. Mafundi huviita ransomwea. Sisi tuviite virusi vya utekaji nyara, maana ndivyo vilivyo. Mateka yuko nyumbani kwako, unamwona, lakini huwezi kumfungua.

Havikuanza jana

Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwenda nchi nyingi, zikiwa na maelezo kwamba zina habari za UKIMWI. Watu wengi wa afya walizipokea kwa nia njema. Baada ya kompyuta kuwashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugika, na barua ikatokea ikidai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, msomi wa Kimarekani wa elimu ya viumbe, ambaye alikuwa amewahi kufanya utafiti wa nyani huku kwetu Afrika Mashariki. Mahakama ya Uingereza iliona hali ya akili yake haimruhusu kusimamishwa kizimbani.

Kufuli la Popp lilikuwa dhaifu, na wataalamu walilifungua mapema. Makufuli ya leo ni mengine kabisa. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Jirani zetu wa Kenya nao walionja mwezi Aprili 2023, pale maduka ya Naivas yalipotangaza kwamba yamevamiwa na virusi vya namna hii.

Mlango gani huachwa wazi?

Utasema, mimi si hospitali wala supamaketi, nani atahangaika nami? Hakuna anayekuchagua. Mtego umetegwa njiani, na anayepita ndiye anayenaswa.

Kwa nyumba za kawaida mtego mkubwa ni programu za wizi. Kijana anahitaji programu ya kuandikia au mchezo wa mpira. Halisi ni ya kulipia, basi anatafuta ile "iliyovunjwa kufuli" kwenye mtandao, au anapewa na rafiki kwenye flashi. Maelezo yake karibu yote huanza na sharti moja: kwanza zima kinga ya virusi. Mama, mgeni anayebisha hodi na kukuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, ungemfungulia? Jamii moja ya virusi iitwayo STOP, au Djvu, imezitesa sana familia duniani kwa njia hii hii. Hudai dola 980, zaidi ya shilingi milioni 2, na kujifanya wapole kwa kupunguza nusu ukilipa ndani ya saa 72.

Kwa kazi za kuandika na hesabu ipo programu ya LibreOffice, ambayo ni ya bure kihalali, na kwa taarifa za chuo na vitabu vya kikundi inatosha kabisa. Sioni sababu ya kuiba.

Mlango mwingine ni viambatanisho vya barua pepe, na mafaili yanayojificha. Jina linasomeka kama picha ya harusi, lakini mkia wake ni .exe, yaani ni programu. Mwambie fundi aiweke kompyuta yako ionyeshe mikia ya majina yote, kisha uwafundishe watoto kuitazama kabla ya kubofya.

Na ule mlango wa tatu ni mashine isiyozibwa viraka. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizonunuliwa mitumba bado zinaitumia. Muulize fundi kama yako inaweza kupandishwa.

Utavitambuaje?

Usichanganye na virusi vya flashi tunavyovijua, vile vinavyoficha mafaili na kuacha vijialama vya njia ya mkato. Hivyo ni usumbufu. Mara nyingi mafaili yako mzima humo humo. Wala usitishwe na ukurasa wa intaneti unaopiga kelele kwamba polisi wamefunga kompyuta yako. Ukiufunga na mafaili yako yakafunguka kama kawaida, ulikuwa uongo mtupu.

Utekaji wenyewe una dalili zake. Mashine inakuwa nzito ghafla na feni inavuma bila kazi ya maana. Pengine linatokea dirisha linalosema Windows inajihuisha, wakati hakuna aliyeamuru. Picha hazifunguki. Kila jina limeota mkia mpya wa herufi zisizo na maana, na kila folda ina barua ambayo hukuiandika, kwa mfano _readme.txt.

Mbegu haikai kwenye chakula

Mkulima wa uwele huweka mbegu mbali na chakula. Kompyuta nayo hivyo hivyo. Nunua flashi mbili, au diski ya nje kama mnaweza. Kila mwisho wa mwezi nakili picha, hesabu na masomo kwenye moja, mwezi unaofuata kwenye nyingine. Ukimaliza, ichomoe uiweke kabatini, chini ya vitenge ukipenda. Flashi inayoachwa imechomekwa itafungwa pamoja na vingine vyote, na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mara mojamoja ifungue ili uone kama bado inasomeka.

Watoto nao wafunguliwe akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Neno la siri la akaunti kuu libaki kwako na baba yao.

Ikitokea

Chomoa flashi zote, kata intaneti, na kama mafaili bado yanaendelea kubadilika, zima mashine papo hapo. Dakika chache zaweza kuokoa nusu ya picha. Kwa sababu hiyo naomba mtoto asichapwe wala kufokewa siku hiyo. Mtoto aliyezoea kipigo atafunika kompyuta na kwenda kulala, na virusi vitakesha vikifanya kazi.

Kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisheni maneno ya siri ya barua pepe na ya benki, kwani STOP mara nyingi huja na mwenzake anayeiba maneno ya siri.

Kulipa sikushauri. Unamtumia mhalifu fedha ya ada ya shule bila dhamana yoyote kwamba ufunguo utakuja. Polisi wa Ulaya na wenzao walianzisha mwaka 2016 mradi uitwao No More Ransom, wenye tovuti inayotoa bure funguo zilizokwisha kupatikana. Si za virusi vyote, ila ni vema kutafuta huko kwanza. Hapa nchini utekaji wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hivyo unaweza kwenda kituo cha polisi na ile barua ya madai.

Fundi wako atakuambia dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Ni kweli mashine itapona. Lakini kabla hajafuta, mwambie akunakilie yale mafaili yaliyofungwa pamoja na barua yao kwenye diski, uyahifadhi. Funguo nyingine zimepatikana baada ya miaka.